Chaki Mkononi mwa Mtazamaji

Mwaka 1956 kilitoka London kitabu kilichojaa picha za sanamu ndogondogo za udongo: watu, wanyama, vyombo vya nyumbani, na maumbo mengine ambayo mgeni hawezi hata kuyakisia. Aliyezikusanya ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Tanganyika na kuishia kuwa mtaalamu wa mila na desturi katika serikali ya kikoloni. Nyingi zilitoka kaskazini-mashariki mwa nchi, kwa Wazigua, Wanguu, Wasambaa na Wapare. Ndiyo nchi inayoanzia mabondeni mwa mto Pangani, ambao wenyeji wa Korogwe, mkoani Tanga, huuita Ruvu, na kukata vichaka hadi Handeni na kwingineko.

Anayefungua kitabu hicho leo atadhani anaangalia vitu vya kuwekwa kabatini. Waliovifinyanga hawakuwa na nia hiyo. Udongo haukuchomwa. Sanamu ilikwenda na wimbo wake: ilitolewa mbele ya vijana waliokuwa jandoni au unyagoni, wimbo ukaimbwa, fumbo likawekwa, na aliyekuwa akifundwa akatakiwa ajue maana yake. Mafunzo yakiisha, sanamu imemaliza kazi. Udongo unarudi kuwa udongo, na wimbo unabaki kichwani mwa mtu.

Liweke hilo akilini, msikilizaji, maana mazungumzo ya leo yanahusu wanafunzi wa sanaa na majaribio yao, na mengi yanayoitwa mapya katika majaribio hayo yana babu zake huku huku.

Mwanafunzi wa sanaa wa leo, awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, awe Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, awe pale Nafasi, kituo cha wasanii kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, anakutana na aina mbili za kazi ambazo wazazi wengi huziona kuwa ni ada iliyopotea. Ya kwanza ni sanaa ya utendaji, ambapo msanii hatengenezi kitu cha kuuza. Mwili wake, muda na mahali aliposimama ndiyo kazi yenyewe. Ya pili ni uchoraji shirikishi, ambapo mchoro hautoki mkononi mwa mtu mmoja: wapita njia, wanafunzi wa shule, mama wauza ndizi, kila mmoja anaongeza mstari wake. Mzazi aliyeuza mahindi Sindeni, Handeni, ili mtoto asome, akisikia kwamba mwanawe amesimama ukutani asubuhi nzima huku watu wakifuatisha kivuli chake kwa mkaa, ana haki ya kuuliza: hii nayo ni elimu?

Ni elimu. Ila si kila anayeifanya anaifanya vizuri, na hapo ndipo penye mazungumzo.

Tuanze na Robin Rhode. Alizaliwa Cape Town mwaka 1976 na kukulia Johannesburg. Shuleni kwao wanafunzi wakubwa walikuwa na mtindo wao wa kuwapokea wageni. Mgeni anaburutwa hadi chooni, ukutani pamechorwa baiskeli kwa chaki, anaamriwa aipande. Au pamechorwa mshumaa, anaamriwa aupulize uzimike. Wakubwa wanacheka hadi wanashika mbavu. Rhode alipoingia masomo ya sanaa hakuiacha fedheha ile ipotee, aliigeuza mbinu. Akawa anachora ukutani au juu ya lami kwa chaki na mkaa, kisha anajaribu kukitumia alichokichora. Katika kazi yake ya mwaka 2000 alichora goli la mpira wa kikapu barabarani, akalala chini na kupigwa picha hatua kwa hatua, hadi anayezitazama picha zile aone kijana amepaa, amebinuka angani na kufunga. Leo kazi zake ziko katika makumbusho makubwa ya dunia. Vifaa vilikuwa chaki, ukuta na mwili.

Angalia lakini jinsi mambo yanavyofanana. Kwenye choo kile cha shule palikuwa na picha, palikuwa na wakubwa wanaojua siri, na palikuwa na mdogo anayetakiwa aifanyie picha kitu fulani mbele ya watu. Hiyo ni sura ya jando, isipokuwa limenyang'anywa mafunzo likabaki na woga peke yake. Sanamu za Wazigua zilimwacha kijana na neno la kuondoka nalo. Baiskeli ya chaki ilimwacha na aibu, na ilibidi yeye mwenyewe aitafutie maana miaka mingi baadaye.

Mfano wa pili ni wa nyumbani, ingawa umekulia ugenini. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden miaka ya 1970, akasomea anthropolojia ya jamii Chuo Kikuu cha Stockholm. Aliporudi Tanzania kwa ajili ya utafiti wa masomo yake, kazi ya kuwachunguza watu wa kwao kana kwamba yeye ni mpita njia ilimkaa vibaya. Akageukia ushairi na uchoraji, na mwaka 1980 akafanya maonyesho yake ya kwanza, Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Miaka michache baadaye, kati ya 1984 na 1986, alifanya jambo linalostahili kusomwa na kila mwanafunzi anayetaka kwenda vijijini na karatasi zake: alikaa na wanawake katika mji wa Skive, Denmark, kisha Tanzania, kisha Kolkata, India, wakazungumza habari za maisha yao, uzazi, ndoa, kazi na huzuni, naye akachora kutokana na mazungumzo hayo.

Wanawake wale hawakushika brashi. Mkali wa nadharia atasema basi huo si uchoraji shirikishi. Lakini walichangia kilicho kizito kuliko rangi, na mchoraji alikwenda kwao akiwa tayari kubadilishwa na atakachokisikia. Linganisha na kazi maarufu ya Roman Ondák, msanii wa Slovakia, aliyoianzisha mwaka 2007: kila anayeingia kwenye ukumbi anasimamishwa ukutani, urefu wake unawekewa alama, jina na tarehe vinaandikwa. Siku zinavyopita, majina yanalundikana hadi ukuta unakuwa na mkanda mweusi pale watu wengi wanapofikia kimo. Inapendeza, na kila mzazi aliyewahi kumpima mtoto kwenye mlango anaielewa papo hapo. Kimo cha mgeni kimo, jina lake limo. Hata hivyo hakuna mgeni hata mmoja anayeweza kuigeuza kazi ile iwe kitu kingine. Alama ni alama tu.

Hapo ndipo penye kipimo. Ushiriki haupimwi kwa idadi ya mikono iliyogusa karatasi. Unapimwa kwa swali moja gumu: je, aliyealikwa anaweza kufuta mstari wa msanii?

Tanzania ina historia ndefu ya kulihangaikia swali hilo, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na watu wa jukwaa kuliko watu wa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa, wakasikiliza, wakachambua na wanakijiji matatizo yao, likiwemo la mimba za mabinti wa shule, kisha wanakijiji wenyewe wakaliweka jambo hilo katika ngoma na maigizo ya kwao, na baada ya onyesho mjadala ukafuata. Kazi za namna hiyo zilifanyika baadaye Msoga, upande wa Bagamoyo, na Mkambalani, Morogoro. Penina, kwa jina la Mlama, alizieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Mwaka 1996 yeye na Lihamba wakaanzisha mradi wa TUSEME, ambapo wasichana wa sekondari walitunga na kuigiza yale yanayowakwamisha shuleni.

Wala redio isijione iko pembeni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Walisikiliza kipindi, wakajadili, wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Msikilizaji alikuwa nusu ya kipindi.

Sasa neno la ukweli. Mbinu hizi nzuri zilipoingia mikononi mwa miradi yenye ratiba na bajeti, nyingi zilikauka. Kikundi kinakuja na gari asubuhi, kinaigiza habari za malaria au vyandarua, watu wanacheka, mgeni rasmi anasema machache ambayo huwa si machache, karatasi ya mahudhurio inasainiwa na gari linaondoka. Kila mtu ameshirikishwa na hakuna aliyebadilisha chochote. Mwanafunzi wa sanaa anayetua Handeni leo anarithi uchovu huo. Watu wameshachorwa, wamehojiwa na kupigwa picha mara nyingi, na picha zenyewe hawajaziona.

Kuna hata uchoraji shirikishi ambao ni wa sheria kabisa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, kijiji kinapanga matumizi ya ardhi yake na mpango unapelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Moja ya njia zinazotumika ni kuchora kijiji chini, uwanjani: kijiti kinachora barabara, majivu yanakuwa mto, mawe yanakuwa nyumba, majani mabichi yanakuwa msitu. Waliowahi kuongoza zoezi hilo wanajua jambo moja. Ukiwatenga wanawake na wanaume katika makundi mawili, utapata vijiji viwili. Mara nyingi wanaume wanaanza na mipaka na barabara. Wanawake wanaanza na maji, kuni, zahanati, na njia za mkato ambazo haziko katika ramani yoyote ya serikali. Kijiji ni kile kile.

Na kijiti hicho si mchezo. Handeni ni wilaya ya wakulima wa mahindi na ya wafugaji, na mstari mmoja uliopita pasipostahili unaweza kuleta mapanga. Msomera, kijiji cha Handeni kilichoanza kupokea kaya kutoka Ngorongoro mwezi Juni 2022, kina watu waliokuwa wakiishi na kulima hapo kabla ya viwanja kupimwa na nyumba kujengwa. Mwanafunzi akifika mahali kama hapo na kusema kwa furaha kwamba anataka watu wachore kwao, ajue anaomba nini. Kwake ni kazi ya darasa. Kwa anayechora inaweza kuwa ushahidi.

Ndiyo maana ni busara zaidi kuanza na kidogo. Tuseme mwanafunzi amejitokeza Korogwe, mji uliokua na reli iliyofika hapo kutoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo mabasi ya Dar es Salaam, Arusha na Moshi yanapita. Stendi ni jukwaa lililo tayari. Wachuuzi wanajua kuliko mwalimu yeyote wa maigizo jinsi ya kuitumia sauti na mwili kumteka mtu aliye dirishani kabla dereva hajatia gia. Mwanafunzi akitandika kitambaa cha marekani ukutani, akaweka mkaa chini, na kuwaomba wachuuzi waonyeshe kwa mstari mmoja tu njia wanayoikimbia kila basi linapoingia, atapata mchoro ambao hakuna msanii angeubuni peke yake: mistari inayokimbilia mlango wa mbele, inayogongana, inayorudi. Wao wenyewe watabishana nani amekosea. Ubishi huo ndio kazi.

Vifaa vimejaa tele. Mkaa ni ule ule unaoondoka Handeni kwa magunia. Katani ya Korogwe inatoa kamba ndefu kuliko rula yoyote, na kamba ikinyooshwa uwanjani na watoto ni mstari tosha. Mkonge wenyewe una hadithi yake ya sanaa: Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kama kibarua kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuanza kuchora kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Mashamba yale yalikusanya vibarua kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, na pamoja nao ngoma zao. Sanaa ya mbele za watu haikuwahi kuwa ngeni Korogwe. Mdumange wa Wasambaa hauna watazamaji wa kukaa wakakunja mikono. Anayesimama pembeni anasubiri zamu tu.

Kuna taratibu pia, na walimu wa sanaa wazifundishe pamoja na rangi. Onyesho la hadharani linahitaji ruhusa: mwenyekiti wa mtaa au kijiji ajue, mtendaji ajue, afisa utamaduni ajue. Watoto watakuja kwanza, kila mahali ni hivyo. Wakishika chaki wao, wakubwa wataona ni mchezo wa watoto na kuondoka. Kwa hiyo mzee aombwe mapema, kwa heshima yake, na shikamoo itangulie chaki. Asiambiwe "njoo ushiriki". Aulizwe jambo analolijua: njia ya zamani ya kwenda mtoni ilipita wapi? Hakuna mzee anayevumilia kuona njia ya zamani imechorwa vibaya. Atainama, atafuta kwa kiganja, atachora upya. Mwanafunzi afurahi siku hiyo, na asiharakishe kutoa simu kupiga picha.

Na kuhusu zile sanamu za udongo, tahadhari. Kwa kuwa Cory alizichapisha, mwanafunzi anaweza kushawishika kuzifinyanga upya na kuzicheza jukwaani na nyimbo zake. Yaliyofundishwa jandoni na unyagoni yana wenyewe, na mengine hayakukusudiwa macho ya jinsia nyingine wala ya watoto. Namna zilivyofanya kazi inaweza kujifunzwa bila kufichua siri ya mtu: umbo dogo, wimbo, fumbo, swali, jibu, kisha umbo linavunjwa. Mwanafunzi mwenye akili atamwomba mfinyanzi wa Handeni amfundishe udongo, kisha afanye mafumbo yake ya leo, ya bodaboda, ya mkopo wa simu, ya mahindi yaliyouzwa yakiwa bado shambani.

Jambo moja linaweza kuharibu yote hayo: haraka ya kupata kitu cha kuonyesha. Chuo kinataka picha, mfadhili anataka video. Mchora katuni Nathan Mpangala, aliyejulikana kwa kibonzo chake cha Kijasti, amefanya kampeni ya Wafanye Watabasamu kwa kwenda Muhimbili kuchora pamoja na watoto wanaotibiwa saratani. Pale hakuna anayeuliza mchoro utauzwa bei gani. Mtoto amekaa na mchoraji, wanagawana rangi, na saa moja ya wodini imepita kwa namna nyingine. Hiyo inatosha kuwa kazi ya sanaa, hata karatasi zikibaki kitandani.

Nchi yetu ina walimu wa kuisambaza mbinu hii bila kusubiri wasanii wa mjini. Chuo cha Ualimu Korogwe kinatoa walimu kila mwaka. Wakitoka na uzoefu wa kuchora na darasa zima juu ya ardhi, na kumwacha mtoto aufute mstari wa mwalimu bila kuchapwa, shule za msingi za Kwamndolwa, Korogwe, hadi Kabuku, Handeni, zitakuwa na sanaa hata zisipokuwa na boksi moja la rangi.

Kwa hiyo ombi linakwenda kwa halmashauri zote nne, za mji na za wilaya, Handeni na Korogwe: tengeni ukuta mmoja kila mji, stendi au sokoni, upakwe chokaa, na iandikwe wazi kwamba wanafunzi wa sanaa na wananchi wanaruhusiwa kuchora hapo na kufuta. Chokaa ipakwe upya kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya semina moja.